Kongamano la Data: Nani Aende, na Akafanye Nini

Novemba 2018 mji wa Gaborone, Botswana, ulikuwa mwenyeji wa Wiki ya Kimataifa ya Data. Muungano wa Data za Utafiti, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake RDA, ulikuwa umeshafanya mikutano mikuu 11, yote Ulaya, Amerika ya Kaskazini au Japani. Wa 12, uliofanyika ndani ya wiki hiyo, ndio uliofika Afrika kwa mara ya kwanza. Tarehe 8 ya mwezi huo, katika warsha moja kati ya nyingi za wiki hiyo, watafiti wanaotetea haki za watu wa asili juu ya data zao walikaa wakaandika rasimu ya kanuni nne: data zilizochukuliwa kwa watu ziwaletee manufaa watu hao kwa pamoja, wao wenyewe wawe na mamlaka juu yake, anayezitumia awe na wajibu kwao, na maadili yatangulie. Mwaka uliofuata kanuni hizo zilitangazwa kwa jina la CARE, na leo zinatajwa katika miongozo ya vyuo na hazina za data katika mabara mbalimbali.

Mtu anaweza kusema Afrika ilizaa kanuni hizo kwa kuwa mkutano ulifanyika Afrika. Sivyo. Wengi wa walioziandika walitoka New Zealand, Australia na Marekani, na walikuwa wameshaunda kundi lao ndani ya RDA kabla ya kupanda ndege kwenda Gaborone. Walikuja na hoja waliyoifanyia kazi muda mrefu, walijua waingie chumba kipi, na walitoka na maandishi. Ukumbi kuwa karibu na kwetu ni jambo jema, lakini peke yake hautoshi. Wahenga waliposema asiyekuwapo na lake halipo, hawakumaanisha kwamba kuwapo ni kukaa kitini.

Hoja yangu ni hiyo. Makongamano ya utunzaji wa data za kidijitali yamekuwa mahali ambapo kanuni za kazi ya utafiti hutungwa, na kanuni hizo hurudi kwetu zikiwa masharti ya fedha, ya uchapishaji na ya ushirikiano. Vyuo na taasisi zetu bado zinayachukulia kama safari za heshima. Anayepelekwa mara nyingi siye anayeshika data, na anayeshika data hajui hata kwamba mkutano ulikuwapo.

Kwanza tuone kwa nini fani yenyewe ipo. Mwaka 2014 Timothy Vines na wenzake walichapisha katika jarida la Current Biology utafiti uliowaumiza vichwa wanasayansi wengi. Walichukua makala 516 kuhusu mimea na wanyama, zilizochapishwa kati ya miaka 2 na 22 kabla ya hapo, wakawaandikia waandishi wake kuomba data zilizotumika. Kwa kila mwaka uliopita tangu makala kutoka, nafasi ya data hizo kuwapo bado ilipungua kwa asilimia 17 hivi. Anwani za barua pepe zilikuwa zimekufa. Data nyingine zilikuwa kwenye diski ambazo hakuna mashine ya kuzisoma, nyingine hazikujulikana ziliko. Hizo zilikuwa kazi zilizolipiwa, zikapitiwa na wataalamu na kuchapishwa. Matokeo yalibaki kwenye karatasi, ushahidi ukatoweka.

Waingereza nao wana kisa chao ambacho hakikosekani katika masomo ya fani hii. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walituma maandishi na picha za maeneo yao, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza. Haikupita miaka 20 kabla ya mashine za kuzisomea diski hizo kuwa adimu, na wataalamu wa vyuo vya Leeds na Michigan wakalazimika kutengeneza programu ya kuigiza kompyuta ya zamani ili yaliyomo yaonekane tena. Daftari la ngozi la mwaka 1086 linasomeka mpaka leo.

Data zinaweza kufa hata faili likiwa zima. Chukua dodoso la afya ya kaya. Karani wa data anapokutana na mtu asiyejua umri wake, anaandika 99, kwa makubaliano ya timu. Miaka mitano baadaye timu imesambaa, faili limebaki, na mwanafunzi wa uzamili anakokotoa wastani wa umri akizihesabu hizo 99 kuwa vikongwe. Hakuna kirusi cha kompyuta wala diski iliyoungua. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa maelezo: safu hii ina maana gani, kipimo ni kipi, nani alikusanya, wapi, lini, kwa ridhaa ipi. Maelezo hayo ndiyo wataalamu huyaita metadata, na sehemu kubwa ya kazi ya kutunza data ni kuyaandika, kuyasahihisha na kuhakikisha hayatengani na faili lake. Zilizobaki ni kuchagua kipi kihifadhiwe na kipi kifutwe, kuhamisha mafaili kutoka muundo unaopitwa na wakati, kukagua kwamba hayajabadilika, na kuamua nani aruhusiwe kuyaona.

Makongamano ya kazi hii si ya zamani. Uingereza ilianzisha Kituo cha Utunzaji wa Kidijitali, DCC, mwaka 2004, makao yake yakiwa Edinburgh, na mwaka 2005 kituo hicho kikaitisha kongamano lake la kwanza la kimataifa mjini Bath. Tangu hapo IDCC, kama linavyoitwa kwa kifupi, limekwenda Glasgow, Washington, Chicago, Amsterdam, San Francisco, Barcelona, Melbourne, Dublin na kwingineko. Mwaka huohuo wa 2004 iPRES, mkutano wa wahifadhi wa vitu vya kidijitali, ulianzia Beijing. Open Repositories, unaowakutanisha wanaoendesha hazina za makala na data, ulianzia Sydney mwaka 2006. RDA ilizinduliwa Gothenburg, Sweden, Machi 2013, kwa msukumo wa Tume ya Ulaya, Marekani na Australia.

Kwa nje mikutano hii inafanana: hotuba ya ufunguzi, mada zinazowasilishwa kwa dakika 15 au 20, ukumbi wa mabango, chakula cha jioni. Ndani haifanani hata kidogo, na anayeomba nauli bila kuujua utofauti huo anaweza kwenda pasipomfaa. IDCC huwavutia wakutubi wa vyuo na wale wanaowasaidia watafiti kuandika mpango wa usimamizi wa data. Mtu aliyepewa kazi ya kuanzisha huduma hiyo chuoni atawakuta hapo watu walioianza kabla yake, pamoja na yaliyowashinda. iPRES ni ya watunza kumbukumbu, makumbusho na maktaba za taifa, na mazungumzo yake huzama kwenye miundo ya mafaili, uigizaji wa kompyuta za zamani na ukaguzi wa hazina. Open Repositories ni ya mafundi wa mifumo. Ukiwa unaendesha hazina kwa programu kama DSpace au Dataverse na ina tatizo lisilokwisha, pengine aliyeandika sehemu hiyo ya programu atakuwa amesimama kwenye foleni ya kahawa.

RDA iko mbali na yote hayo, na hapa nataka kukaa kidogo. Mkutano wake mkuu hauna mada nyingi za kusikiliza. Kiini chake ni vikao vya makundi. Watu wanaojali jambo moja, tuseme namna ya kutaja data katika makala, au data za kilimo, au ukaguzi wa hazina, huanza kwa kukutana bila kundi rasmi ili kuona kama wapo wa kutosha. Wakiwapo, wanaunda kundi la mijadala lisilo na kikomo cha muda, au kundi la kazi ambalo hupewa muda wa takriban miezi 18 lilete kitu kinachotumika: mwongozo, orodha ya vigezo, programu. Uanachama wa mtu binafsi ni bure. Kati ya mkutano mmoja na mwingine makundi hukutana kwa simu ya video na kuandika rasimu pamoja, na mkutano mkuu ndio mahali pa kukata mizizi ya ubishi uliobaki. Kwa hiyo anayeingia ukumbini bila kuwa kwenye kundi lolote atawakuta watu wakijadili ibara ya tatu ya rasimu asiyowahi kuiona, na atatoka akidhani mkutano haukuwa na maana. Ulikuwa na maana kwa waliosoma rasimu.

Nguvu ya maandishi yanayozaliwa kwa njia hii si ndogo. Januari 2014 watu wachache walikutana katika Kituo cha Lorentz mjini Leiden, Uholanzi, wakajadili data za kisayansi ziwe za namna gani. Mazungumzo yao yaliendelea, na Machi 2016 yakachapishwa katika jarida la Scientific Data yakiwa na majina ya waandishi zaidi ya 50: data zitafutike zikapatikana, zifikike, ziungane na nyingine, zitumike tena. Hizo ndizo kanuni za FAIR. Haukupita muda Umoja wa Ulaya ukazichukua na kuziweka kwenye masharti ya ruzuku zake. Tarehe 25 Januari 2023 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, nazo zilianza kumtaka kila mwombaji wa fedha ambaye kazi yake itazalisha data za kisayansi aambatishe mpango wa kuzitunza na kuzishiriki. Mtafiti wa Moshi au Kisumu anayeomba fedha hizo leo anajaza fomu ambayo mawazo yake yalianza kwenye vyumba vya mikutano. Swali la nani alikuwamo vyumbani ni swali la haki.

Nani huwamo? Angalia ramani. iPRES, tangu Beijing 2004 hadi Wellington 2025, haijawahi kufanyika Afrika hata mara moja. IDCC pia haijawahi. Anayetoka Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura kwenda Ghent au The Hague anaanza na viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, na hazirudishwi ukikataliwa. Juu yake kuna bima, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, miadi ya kupeleka pasipoti na ada ya usajili wa mkutano, na yote hayo hutakiwa kabla mtu hajajua kama ataruhusiwa kusafiri. Wapo waliokubaliwa ikisiri zao, wakachapisha mabango, na viza ikatoka siku mkutano unafungwa. Linganisha na Open Repositories ya Stellenbosch, Afrika Kusini, Juni 2023. Ilikuwa imepangwa ifanyike hapo mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukaizuia. Ilipofanyika hatimaye, Mkenya hakuhitaji viza kabisa, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa imewaondolea Wakenya sharti hilo tangu Januari mwaka huo. Anayetaka kujua kwa nini sauti za Afrika ni chache katika fani hii asianzie kwenye uwezo wa watu wetu. Aanzie kwenye dirisha la ubalozi.

Data zenyewe zipo kwetu kwa wingi, tena za thamani kubwa. Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliwateka watu wanne kambini, watafiti wa kigeni wakaondoka, na kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti Watanzania. Waliwafuata sokwe msituni, wakaandika kwa Kiswahili nani kala nini, nani kampiga nani, nani kazaa. Hawakuacha. Madaftari na nakala zake vilikusanywa na kuingizwa kwenye kompyuta Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, baadaye Duke. Ni moja ya kumbukumbu ndefu zaidi duniani za mnyama wa mwituni, na maneno yake mengi yaliandikwa kwanza na watu wa Kigoma. Mtu anayejua mwandishi wa daftari alimaanisha nini alipoandika kwamba sokwe fulani "alinuna" yuko Kigoma. Elimu ya namna hiyo ndiyo metadata hasa, na mwenye elimu hiyo simwoni kwenye orodha za wawasilishaji.

Kilifi, programu ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome Trust imekuwa ikifanya utafiti wa afya tangu 1989, na tangu 2000 inafuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu wa eneo hilo. Data zake nyingi zimeorodheshwa katika hazina ya Dataverse ya Harvard, na anayezitaka huomba kibali. Nairobi, kituo cha APHRC, ambacho kimewafuatilia wakazi wa mitaa ya Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, kinaendesha hazina yake chenyewe. Njia zote mbili ni halali na zina sababu. Seva iliyo kwenye chuo tajiri haizimiki kwa umeme kukatika, na mfumo wake unatunzwa na mafundi wengi. Seva ya nyumbani inakulazimisha kulipa mafundi wako kila mwezi, lakini uamuzi unabaki kwako na ujuzi unabaki kwako. Binafsi naamini nchi zetu zinahitaji njia ya pili kuliko zilivyo tayari kuilipia. Anayepima uzito wa njia hizo mbili atajifunza zaidi kwa siku moja na watu wanaoendesha hazina zao, akiwauliza bajeti, mishahara na walivyofanya mfadhili alipoondoka, kuliko kwa ripoti nyingi.

Kuna na upande wa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda nayo ina yake ya mwaka huohuo, Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinagusa data za watu zinapovuka mpaka. Makongamanoni, wawasilishaji huzungumzia sheria ya Ulaya kana kwamba ni ya dunia nzima. Mjumbe wetu akiwa ameisoma sheria ya nchi yake, ana swali la kuuliza ambalo hakuna mwingine ukumbini atakayeliuliza.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa nyumbani, maana si kila kosa ni la ubalozi. Mwaliko ukifika chuoni, huanzia juu. Mkuu wa idara akikosa nafasi humpa naibu, naibu humpa mwandamizi anayedai zamu yake. Posho ya kujikimu ina uzito katika uamuzi huo, na sioni sababu ya kulificha hilo, mishahara inajulikana. Matokeo ni kwamba anayekwenda Edinburgh kusikiliza namna ya kutengeneza kamusi ya data ni mtu ambaye hajawahi kufungua faili la data kwa miaka kumi. Akirudi anaandika mrejesho wa kurasa mbili: mkutano ulifunguliwa na fulani, kaulimbiu ilikuwa hii, washiriki walitoka nchi kadhaa, mapendekezo ni chuo kiimarishe TEHAMA. Mrejesho unaingia kwenye jalada. Meneja wa data aliyebaki ofisini, yule anayejua kwamba hojaji za mwaka juzi zimo kwenye flashi ya mtu aliyeacha kazi, hapati hata nakala yake.

Mwaka unaofuata anakwenda mwingine, kwenye mkutano mwingine. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kazi ya makundi hujengwa kwa kujuana. Mara ya kwanza mtu anasikiliza na kujifunza istilahi. Mara ya pili anafahamika kwa jina, na anaombwa aandike aya ya rasimu. Baadaye ndipo anapoombwa kuwa mwenyekiti mwenza, na hapo mambo ya kwetu yanaingia kwenye maandishi bila kuombewa huruma: kwamba ridhaa ya mshiriki inaweza kuwa alama ya dole gumba, kwamba kijiji kinaweza kubadilisha jina na wilaya kugawanywa katikati ya utafiti, kwamba mtu mmoja ana majina matatu kulingana na anayemuuliza. Kuzungusha safari ili kila mtu aonje kunaonekana ni usawa, kumbe kunahakikisha hakuna hata mmoja atakayefika hatua hiyo. Taasisi yenye nauli mbili tu kwa mwaka ingefanya vizuri kumchagua mkutubi mmoja na meneja wa data mmoja, na kuwapeleka haohao kwenye kundi lilelile kwa miaka mitatu.

Mashirika yanayoandaa mikutano nayo yana sehemu yao. Ruzuku za usafiri zipo katika mikutano mingi, lakini mara nyingi hutolewa kwa mwenye makala iliyokubaliwa, na makala hupimwa kwa vigezo vya chuo chenye maabara. Mkutubi wa chuo cha wilayani ambaye ameokoa kanzidata ya hospitali kwa kuihamisha kutoka programu iliyokufa hana muda wala mazoea ya kuandika makala ya kurasa kumi. Bango analiweza. Maonyesho ya dakika tano anayaweza. Milango hiyo midogo ipo karibu kila mkutano, na watu wetu waitumie bila kuona haya. Maongezi marefu mara nyingi hufanyika mbele ya bango, si baada ya hotuba.

Kwa anayeanza, ningemshauri apitie shule kabla ya kongamano. CODATA, kamati ya data iliyoundwa mwaka 1966 chini ya baraza la kimataifa la sayansi, huendesha pamoja na RDA shule ya sayansi ya data za utafiti. Ilianza Agosti 2016 mjini Trieste, Italia, katika kituo cha fizikia kilichoasisiwa na Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na mwaka 2018 ikafika Kigali. Kwa takriban wiki mbili wanafunzi hukaa na kompyuta zao wakijifunza kuandika amri za kuchakata data, kuhifadhi matoleo ya kazi zao, kuandaa mpango wa usimamizi wa data, na kujadili maadili. Anayetoka hapo akienda kongamanoni anaelewa kinachosemwa, na ana watu wa rika lake wa kukaa nao.

Mtandao je? Machi 2020 mkutano wa RDA uliokuwa ufanyike Melbourne ulihamia mtandaoni, na IDCC za 2021 na 2022 zilifanyika hivyohivyo. Kwa muda mfupi gharama ya nauli na viza ilitoweka, na wengi wa kwetu walisikia kwa mara ya kwanza mijadala waliyokuwa wakiisoma tu. Hilo lisidharauliwe, na mikutano inayorudi ukumbini ikafunga kamera inarudisha ukuta uleule. Lakini mshiriki wa mtandaoni kutoka kwetu ana maadui wawili. Wa kwanza ni saa: kikao cha saa tisa alasiri San Diego ni usiku wa manane Nairobi. Wa pili ni ofisi yake. Kwa kuwa hajasafiri, hakuna anayeamini kwamba yuko mkutanoni. Bosi anamwita, mteja anagonga, kifurushi cha data kinakwisha saa ya maswali. Taasisi ikimruhusu mtu kushiriki mtandaoni, impe barua ya ruhusa, chumba na intaneti, kama ambavyo ingempa nauli.

Katikati ya yote haya wapo matapeli. Barua pepe inayomsifu mtafiti kwa "makala yake bora", inayomwalika kwenye kongamano linalounganisha data, uuguzi, kilimo na uhandisi kwa siku mbili hotelini, na inayokubali ikisiri ndani ya saa chache kisha ikadai ada, ni ya kufutwa. Mkutano wa kweli una kamati ya watu wanaojulikana katika fani, una kumbukumbu za miaka iliyopita zinazosomeka, na humchelewesha mtu kwa wiki kadhaa kabla ya kumjibu, kwa kuwa kuna wanaosoma alichoandika.

Wala si lazima kila kitu kitafutwe mbali. Wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika wamekuwa wakikutana chini ya SCECSAL kila baada ya miaka miwili, kuanzia Dar es Salaam mwaka 1974. Walikuwa Nairobi 2012 na Entebbe 2018. Watunza nyaraka wa mashariki na kusini mwa Afrika wana chama chao, ESARBICA, tangu 1969. Wanaoendesha mitandao ya intaneti ya vyuo, kama KENET ya Kenya na RENU ya Uganda, hukutana chini ya UbuntuNet. Makundi hayo matatu yana sehemu tatu za kazi moja: wa kwanza wanajua kuorodhesha na kuhudumia wasomaji, wa pili wanajua kutathmini kipi kibaki na kipi kitupwe, wa tatu wana seva na nyaya. Hukutana mbalimbali, katika miji tofauti, kwa bajeti tofauti, na watafiti wenyewe hawaonekani sana katika mkutano wowote kati ya hiyo.

Wangeweza kuanza na nusu siku ya pamoja, siku moja kabla ya SCECSAL. Hakuna hotuba. Kila mshiriki aje na faili moja la data la kazini kwake lililoondolewa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, wabadilishane wawili wawili, na kila mmoja ajaribu kulielewa faili la mwenzake bila kumuuliza neno. Mtu mmoja aandike kila mahali waliposhindwa: safu isiyo na maelezo, tarehe isiyojulikana kama mwezi umetangulia siku, wilaya ambayo haipo tena. Orodha hiyo wakiipeleka kwenye kundi la RDA linaloshughulikia jambo hilo, miezi michache kabla ya mkutano mkuu unaofuata, mjumbe wao atakapoingia chumbani rasimu itakuwa na maswali yao tayari.